Hanoi hadi Saigon kwa pikipiki mwezi wa Oktoba: jibu kwa msomaji

Swali: Mimi na mke wangu tumepanga kwenda Vietnam mwezi wa Oktoba kwa wiki tatu. Tunataka kununua pikipiki Hanoi, tuzunguke kwanza Hà Giang, kwenye milima ya kaskazini, kisha tushuke hadi Saigon na kuiuza huko. Nina leseni ya pikipiki na nimeendesha miaka mingi, ingawa sanasana ni mjini, na upande wa kushoto wa barabara. Mke wangu atakaa nyuma. Nimepiga hesabu ya kilomita 250 kwa siku. Je, mpango huu unawezekana? Na ni bora kununua au kukodi?

Jibu:

Ndugu yangu, pikipiki ndiyo jambo dogo kuliko yote katika mpango wako. Kinachoukwamisha ni kalenda, kisha kibali cha kimataifa cha udereva, kisha hizo kilomita 250. Naanza na kalenda, maana ukiirekebisha, mengi ya yaliyobaki yatajipanga.

Vietnam ni nchi nyembamba na ndefu. Reli ya kutoka Hanoi hadi Saigon ina kilomita 1,726, na katika urefu huo zimo hali za hewa tatu ambazo hazifuati ratiba moja. Wengi husoma mahali kwamba mvua ni Mei hadi Oktoba, wakahitimisha kwamba mwisho wa Oktoba ni salama. Kwa kusini na kaskazini hesabu hiyo inakaribia ukweli. Katikati mambo ni kinyume kabisa. Huko ndiko milima ya Trường Sơn inakoikaribia bahari, na kuanzia Septemba au Oktoba upepo wa kaskazini-mashariki huvuka bahari ukiwa umebeba unyevu, ukagonga milima hiyo na kumwaga mzigo wote upande wa pwani. Ongeza vimbunga, ambavyo kadiri mwaka unavyoelekea mwisho huzidi kulenga pwani ya kati. Miezi ya kiangazi cha kaskazini mwa dunia, upepo unapotoka kusini-magharibi, mvua hubaki upande wa pili wa milima na Huế hupata joto kavu. Kwa hiyo Oktoba na Novemba, wakati kaskazini kumetulia, Huế, Đà Nẵng na Hội An ziko katikati ya mafuriko yao ya kila mwaka. Oktoba 2020 mikoa ya Quảng Bình, Quảng Trị na Thừa Thiên Huế ilipata mafuriko na maporomoko ya udongo yaliyoua watu wengi, yakiwemo maporomoko yaliyowafunika wanajeshi kambini.

Sasa tazama ratiba yako. Unaanza Hanoi mwanzoni mwa Oktoba, unatumia wiki moja Hà Giang, kisha unaingia mikoa hiyo hiyo katikati ya mwezi. Yaani umepanga kufika mahali pabaya wakati mbaya kuliko wote, ukiwa na mkeo nyuma na ndege inayokusubiri Saigon kwa tarehe maalumu. Mvua yenyewe si tatizo sana, mtu unalowa na kukauka. Shida ni barabara ya mlimani iliyokatika, unageuza kilomita 120 ulizokuja, na kesho yake huna siku ya akiba.

Una njia mbili za maana. Kama Oktoba haiwezi kusogezwa kwa sababu ya likizo, sahau Saigon, baki kaskazini wiki zote tatu. Kama unachotaka hasa ni kuivuka nchi nzima, hamisha safari hadi Machi au mwanzo wa Aprili, mwezi mmoja hivi baada ya Tết, mwaka mpya wao, ambao huangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari. Machi kusini na nyanda za juu za kati ni kavu, pwani ya kati imekwisha kutulia, na kaskazini kuna manyunyu na ukungu lakini si gharika. Usiende wakati wa Tết wenyewe: magereji hufungwa, mabasi na treni hujaa, na nusu ya nchi iko barabarani ikirudi kwao.

Ukiniuliza mimi, ningechagua kaskazini Oktoba. Najua "Hanoi hadi Saigon" inasikika vizuri zaidi ukiwasimulia watu. Lakini sehemu kubwa ya uzuri wa kuendesha pikipiki Vietnam iko juu ya Hanoi, na Oktoba ndio mwezi wake mzuri: hewa imepoa, mvua kubwa zimepungua, na kuanzia mwezi huo mashamba ya ngano nyeusi huko Đồng Văn huanza kuchanua maua ya waridi. Hata hivyo kaskazini nako si ahadi. Kimbunga Yagi kilipiga Septemba 7, 2024 na kuharibu barabara za milimani kwa wiki kadhaa. Wiki mbili kabla ya safari anza kufuatilia taarifa za hali ya hewa, na ukifika uliza watu wa nyumba ya wageni barabara ipi imefungwa. Wao hujua kabla ya ramani ya simu.

Jambo la pili ni kibali. Vietnam inatambua kibali cha kimataifa cha udereva kilichotolewa chini ya Mkataba wa Vienna wa 1968. Kile cha Mkataba wa Geneva wa 1949 hakitambuliwi, hata kiwe na mihuri kumi. Vyote viwili ni vitabu vidogo vinavyofanana, na waliovitoa hawatakueleza tofauti. Angalia jalada: kimoja kimechapwa tarehe 8 Novemba 1968, kingine 19 Septemba 1949. Kisha fungua ukurasa wa madaraja uhakikishe muhuri uko kwenye A, daraja la pikipiki. Wapo wanaofika na kibali halali chenye muhuri kwenye B peke yake, na kwa pikipiki hakina kazi. Leseni ya nyumbani nayo uibebe, maana kibali bila leseni ni karatasi tu. Vile "vibali vya kimataifa" vinavyouzwa mtandaoni kwa malipo ya kadi na kutumwa kwa barua pepe havina thamani yoyote barabarani.

Kama nchi yako hutoa kile cha 1949 pekee, usijidanganye kwamba utapita. Sheria mpya ya usalama barabarani ilianza Januari 1, 2025, faini zikapandishwa sana, na njia ya Hà Giang ina vizuizi vya polisi wanaojua vizuri tofauti ya vitabu hivyo viwili. Faini yenyewe si mwisho wa habari. Ukianguka huna leseni inayotambuliwa, bima yako ya safari ina sababu tayari ya kukataa kulipa, na mfupa wa paja uliovunjika pamoja na ndege ya kurudi umelala ni gharama inayoweza kumaliza akiba ya familia. Soma masharti ya bima kabla ya kulipia. Tafuta mambo mawili: kama wanadai leseni halali katika nchi unayoendesha, na kama wameweka kikomo cha ukubwa wa injini. Bima nyingi huishia 125 cc. Nitalirudia hilo tukifika kwenye uchaguzi wa pikipiki.

Kwa asiye na kibali sahihi ipo njia ya heshima kabisa: Hà Giang kuna madereva wenyeji wanaobeba wageni nyuma, siku nne au tano, kila mgeni na dereva wake. Na kwa kuwa mko wawili, hata kama wewe una kibali, mfikirie shemeji. Huenda akapendelea kukaa nyuma ya mtu anayezijua kona zile kwa miaka, wewe ukifuata peke yako na mzigo mwepesi. Muulize yeye, usimwamulie.

Viza ni rahisi. Tangu Agosti 15, 2023 raia wa nchi zote wanaweza kuomba viza ya mtandaoni ya hadi siku 90. Angalia tu kwamba mahali pa kuingilia ulipojaza ndipo utakapoingilia.

Tuje kwenye kilomita 250. Kwenye karatasi ni saa nne na nusu. Kwenye milima ya kaskazini, na abiria na mizigo, mwendo wa wastani ni kilomita 30 hadi 35 kwa saa, na hapo nimejumlisha nyati aliyelala barabarani, lori la mchanga lisilopitika, na kila kona inayokulazimu kusimama kupiga picha. Kilomita 250 ni saa saba au nane za kukaa kwenye tandiko kabla hujala, kabla hujaongeza mafuta, kabla hujapotea. Oktoba jua huzama saa kumi na moja na nusu na kitu. Ukitoka saa mbili asubuhi utafika gizani, na barabara za huko gizani zina mbwa, pikipiki zisizo na taa na mashimo yaliyojaa maji. Weka kilomita 120 hadi 150 kwa siku ya milimani, 200 kwa siku ya tambarare, na kila siku ya nne au ya tano isiyo na safari kabisa. Tokeni saa moja asubuhi, muwe mmefika saa tisa alasiri. Mchana uliobaki ndio mtakaotembea kwa miguu na kuongea na watu.

Kwa hesabu hiyo mpango wako wa kwanza unavunjika wenyewe. Hanoi hadi Saigon kwa njia za ndani, kupitia Phong Nha, Khe Sanh, Huế, Hội An, Kon Tum, Buôn Ma Thuột na Đà Lạt, ni kama kilomita 2,100. Kwenda Hà Giang, kuzunguka na kurudi Hanoi kunaongeza kilomita 900 hivi. Toa siku mbili za kufika na mbili za kuondoka, unabaki na siku 17 za kilomita 3,000. Hakuna siku hata moja ya mvua, ya tumbo kuuma, wala ya pancha iliyokosa fundi. Ukienda Machi, chagua kimoja: ama Saigon, ama Hà Giang.

Ukibaki kaskazini, mzunguko ninaoupenda uko hivi. Panda basi hadi mji wa Hà Giang na uchukue pikipiki huko huko, maana kilomita 300 za kutoka Hanoi hazina cha kukutamanisha na zina malori mengi. (Usishangae ukikuta jina la mkoa limebadilika kwenye nyaraka, Julai 2025 Hà Giang uliunganishwa na Tuyên Quang.) Kutoka mjini unapanda Quản Bạ, Yên Minh, Đồng Văn, kisha Mèo Vạc. Hii ndiyo Barabara ya Furaha, iliyochongwa kwa nyundo na mikono kati ya 1959 na 1965, na kipande cha Mã Pí Lèng kati ya Đồng Văn na Mèo Vạc kinaning'inia juu ya bonde la mto Nho Quế kiasi kwamba abiria wa nyuma huona vyema kuliko dereva. Eneo hilo liko mpakani na China, hivyo kuna kibali cha eneo la mpaka ambacho nyumba nyingi za wageni mjini Hà Giang huwachukulia wageni wao. Watu wengi huishia Mèo Vạc na kurudi. Nyinyi mna wiki tatu, endeleeni mashariki: Bảo Lạc, Cao Bằng, maporomoko ya Bản Giốc, kisha ziwa Ba Bể. Baada ya Mèo Vạc magari ya watalii hupungua sana, na mtaanza kuendesha nusu saa nzima bila kuona mgeni mwingine. Ila pikipiki ya kukodi Hà Giang lazima irudi Hà Giang, kwa hiyo fungeni duara kutoka Ba Bể, au mkubaliane mapema na mwenye pikipiki.

Kwenye miteremko ya huko ndiko watu wanakoumia, na mara nyingi si kwa mwendo mkali. Mtu amekodi skuta ya otomatiki kwa sababu ni rahisi. Anaanza kushuka kilomita nane. Skuta ya namna hiyo ukiachia mafuta na mwendo ukapungua, klachi yake ya ndani huachia, na injini haikushikilii tena. Umebaki na breki tu. Anazibana mfululizo, kidogo kidogo, kwa woga. Dakika chache baadaye kuna harufu ya kitu kinachoungua, halafu mkono wa breki unakuwa laini, unaingia hadi kwenye mpini bila kushika, kwa kuwa mafuta ya breki yamechemka na kuingia mapovu. Dawa ni kuchagua pikipiki yenye gia, hata hizi za nusu otomatiki zisizo na mkono wa klachi, kama Honda Wave. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo, ya pili au ya kwanza, acha injini inguruke. Breki zibanwe kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha ziachiwe zipoe. Kamwe usishuke na neutro kuokoa petroli. Na ukisikia ile harufu, simama papo hapo, kaeni robo saa mtazame bonde.

Shemeji nyuma hubadilisha kila kitu: breki zinahitaji umbali mrefu zaidi, gurudumu la mbele huwa jepesi mkipanda, na kwenye kona za changarawe pikipiki huchelewa kuitika. Fanyeni mazoezi nyumbani mkiwa na mizigo kamili, kilomita mia kwa siku, siku mbili mfululizo. Ikiwa siku ya pili mgongo wake unamuuma, mmejua mapema. Mzigo mzito ukae chini na katikati, si juu ya kishikio cha nyuma unakovuta pikipiki kama mkia. Watu wazima wawili na mabegi kwenye 110 cc watapanda Mã Pí Lèng, ila kwa gia ya kwanza na kwa subira. Honda XR150L ndiyo inayokodishwa sana kwa wanaosafiri wawili, na inavumilia vizuri barabara mbovu. Hapa ndipo bima inaporudi: kama kikomo chao ni 125 cc, XR150L imekutoa nje ya bima hata kama kibali chako ni safi. Badilisha bima, au panda 125 cc kwa mwendo wa pole. Mimi ningebadilisha bima.

Umesema umezoea kushoto. Vietnam ni kulia. Katikati ya msongamano hutakosea, maana utawafuata wenzako. Kosa hutokea asubuhi mnapotoka nyumba ya wageni barabara ikiwa tupu, na mnapotoka kituo cha mafuta. Mpe shemeji kazi hiyo: kila mkiingia barabarani, akugonge bega la kulia. Msione haya.

Namna ya kuendesha ya huko ina mantiki yake. Anayeingia kutoka kichochoro huingia bila kutazama, akitegemea wewe uliye nyuma umwone. Kwa hiyo macho yako yawe mbele daima. Honi si matusi, ni taarifa: nipo hapa. Na gari linalokuja likikuwashia taa halikupishi. Linakuambia linakuja, na kama ni basi linalopita lori katika upande wako wa barabara, wewe ndiye wa kwenda kando. Ndiyo sababu nakuonya juu ya Barabara Kuu Nambari 1 ya pwani. Kwenye ramani ni njia fupi, lakini ina malori na mabasi usiku na mchana. Barabara za kasi za kulipia pikipiki haziruhusiwi kabisa, hivyo weka ramani ya simu kwenye mpangilio wa pikipiki na upakue ramani za nje ya mtandao.

Pombe: sifuri. Tangu Januari 1, 2020 sheria haina kiwango kinachoruhusiwa. Kaskazini wenyeji wa nyumba za kulala wageni hukaribisha kwa pombe ya mahindi, glasi moja, halafu nyingine, na si rahisi kukataa. Iliyonywewa hadi saa sita usiku huonekana kwenye kipimo saa moja asubuhi. Kesho yake pumzikeni, au muwaambie tangu mwanzo kwamba nyinyi ni madereva.

Kwa upande wa mavazi nitasema machache. Njoo na kofia yako ngumu inayofunika uso, yenye alama ya ECE 22.06 au 22.05, na shemeji na yake; zile nyepesi za mtaani hutosheleza polisi tu. Glavu, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, suruali ngumu. Makoti ya mvua yawe ya vipande viwili, suruali na koti. Lile la kujifunika kama shuka, linalouzwa kila mahali, hupepea, hunasa kwenye cheni au gurudumu la nyuma na kumwangusha mtu. Ndani ya begi tumia mifuko mizito ya plastiki. Jina la begi "lisiloingia maji" usiliamini. Milimani asubuhi za mwisho wa Oktoba hupoa kuliko watu wanavyotarajia katika nchi ya tropiki, kwa hiyo sweta moja.

Afya: zungumza na kliniki ya wasafiri mapema, wiki sita au nane kabla, hasa juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Vijiji vya njiani vina mbwa wengi. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ulichanjwa. Kwa homa ya dengi kinga ni kuzuia mbu, na mbu wake huuma mchana. Ambulensi ni 115, polisi 113. Milimani, lakini, anayekufikia kwanza ni mwenye lori anayepita, basi beba bandeji za kutosha na ujue kuzitumia.

Ukiamua Machi na safari ya kusini, kipande kimoja kinastahili maandalizi ya pekee: tawi la magharibi la Barabara ya Ho Chi Minh, kutoka Phong Nha hadi Khe Sanh. Ni kilomita 230 hivi za zege nyembamba katikati ya msitu, karibu na mpaka wa Laos, na ndizo bora kuliko zote kusini mwa Hanoi. Vituo vya mafuta karibu havipo. Piga hesabu: tangi la Wave Alpha ni lita 3.7, na mkiwa wawili na mizigo mlimani inakunywa kama lita 2.3 kwa kilomita 100. Itazima kilomita ya 160. Jaza tangi Phong Nha, beba lita tatu kwenye chupa zilizofungwa vizuri, na utoke mapema. Zege iliyo kivulini huteleza hata siku kavu, kwa hiyo kona za kivuli zichukuliwe wima na polepole. Simu haitashika mtandao sehemu kubwa ya njia. Mwambie mwenye nyumba ya wageni unaelekea wapi. Siku ya mvua kubwa msiingie. Baada ya Huế, pandeni mlima wa Hải Vân, mita 496, kwani handaki lililo chini yake haliruhusu pikipiki kupita zikiendeshwa.

Na mkichoka katikati, treni hubeba pikipiki. Stesheni kubwa zina ofisi ya mizigo. Hunyonya petroli yote, huifunga pikipiki kwa maboksi, na hupakia kwenye behewa la mizigo ambalo mara nyingi si la treni yenu. Itafika siku moja au zaidi baada yenu. Hiyo ndiyo njia nzuri ya kuruka pwani ya kati mvua ikiwakuta.

Kununua au kukodi? Kwa wiki tatu, kodi. Pikipiki ambazo wasafiri huuziana Hanoi nyingi huitwa Honda Win ilhali ni nakala zisizo za Honda, zimebadilisha mikono mara nyingi, na kila aliyeiuza aliipaka rangi badala ya kuitengeneza. Utatumia siku mbili kuitafuta, mbili kuirekebisha na mbili kuiuza, katika siku 17 ulizonazo. Kununua kunaeleweka kwa mwenye miezi miwili. Akinunua, aombe kadi ya usajili, wenyewe huiita cà vẹt, na alinganishe namba ya fremu na ya injini na zilizo kwenye kadi kwa kuzisafisha na kuzisoma kwa macho yake.

Wakodishaji wenye ofisi Hanoi na Saigon hukupa pikipiki mji mmoja na kuipokea mwingine, na baadhi husafirisha begi kubwa. Siku ya kuchukua msiwe na haraka. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la umri huo lirudi dukani hata kama lina meno. Bana breki ya mbele, sukuma na kuvuta usukani. Ukisikia mgongano mdogo kwenye shingo ya usukani, beringi zimelegea. Gonga spoki moja moja kwa bisibisi, inayotoa sauti butu imelegea. Zungusha gurudumu la nyuma utazame kama cheni inakaza na kulegea kwa zamu. Jaribu honi, maana huko ni kifaa cha usalama. Uliza bima ya lazima ya pikipiki na uipige picha, kisha rekodi video ya pikipiki nzima mbele ya mwenye duka. Njiani, bango la Sửa xe ni fundi. Yuko kila kijiji, na oili abadilishe kila kilomita 1,000 hivi.

Amana iwe fedha au kadi. Paspoti usiiache, kwa kuwa kila nyumba ya wageni huihitaji kukuandikisha polisi usiku huo. Na rudisha pikipiki siku moja kabla ya ndege, asubuhi, kwa sababu ofisi nyingi hukagua kwanza ndipo zirejeshe amana, na ukiwa na saa mbili tu kabla ya uwanja wa ndege hutakuwa na nafasi ya kubishana juu ya mkwaruzo ambao upo kwenye video yako.